Okei Niliyompa Katekista

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu ulishuka tangu asubuhi, hata migomba ya jirani ikawa kama watu wamesimama wakiwaza.

Mimi nina ugonjwa wa neno okei. Nikiombwa jembe, okei, nikisalimiwa, okei, hata ng'ombe akitulia nimkamue, namwambia okei. Jumapili katekista alinishika nje ya kanisa akaongea sana. Mimi nilikuwa natazama mawingu yakiufungua mlima polepole, nikajibu okei, okei. Sikusikia kitu.

Leo nikikata majani ya ng'ombe, nyimbo zilitoka ndani ya ukungu, nikadhani naota. Kumbe ni padri na jumuiya yetu yote ya kanisa.

"Baba Kinya, hawa wageni ni wa nani?" mke wangu aliuliza, miguu imejaa matope.

"Mama, si misa ya jumuiya leo ni hapa kwenu?" katekista alishangaa. "Mzee alikubali!"

Alisema kweli, siwezi kumlaumu. Mke wangu alikwenda kumshika jogoo aliyemwekea binti yetu Kinya, aje amle shule zikifungwa.

Jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku, na mchuzi uliobaki. Firigisi, ambayo kwa nyumba hii ni yangu, mke wangu alikuwa amempa katekista.