Finjani Kavu

Miezi minne nilikwenda duka la magari la Azaiba kila Jumatatu kuulizia gari yangu ya umeme niliyoagiza, na kila Jumatatu muuzaji, kanzu imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake, alinimiminia kahawa. Kwetu humgombezi mtu na kahawa yake ungali nayo kinywani. Finjani ya kwanza haikataliwi, ni kumvunjia mtu heshima; unakunywa, ukitosheka unatikisa finjani asikuongeze, unashukuru, unaondoka. Hilo alilijua vizuri yule.

"Imo njiani, bibie," akisema, dele la kahawa mkononi. Na mimi, mpumbavu mwenye adabu zangu, nikinywa, huku msamaha wa ushuru wa magari ya umeme unakaribia kwisha na chaja niliyokwishaifunga ukutani nyumbani kwangu Khuwair inakusanya vumbi.

Msamaha ulikwisha Alkhamisi. Jumapili akanipigia simu, sauti imemjaa furaha kama ananipa habari ya mjukuu: gari imefika, nije niilipie na ushuru wake.

Nilikwenda. Akanikabidhi finjani, akainua dele. Sikumgombeza. Nilinyoosha mkono mbele ya wateja wake wote, nikaitikisa finjani kabla hajamimina hata tone.