Mawe ya Redio na Kompyuta ya Bakari

Nyinyi vijana mnaosoma haya, nyamazeni kwanza. Shule niliiacha darasa la pili, lakini harufu ya mawe ya redio, betri mnazoziita nyinyi, yaliyoanikwa juani naijua: harufu ya kutu na chumvi, inayong'ang'ania vidole mpaka kwenye wali. Kule Kinakomba, msimu mto ulipojaa ukameza mashamba yetu, baba alikuwa na redio ya mawe manne. Mawe yakichoka aliyaanika juu ya kibanda yapate nguvu kidogo. Redio hiyo ndiyo iliyotuambia maji yamefika wapi, tuhame au tungoje. Basi ikaanza kuzimika. Kwa sauti ndogo inasema. Baba akiipandisha majirani wasikie, kimya! Akaniita mimi. "Halima, umeichezea!" Sikuwa nimeigusa. Nilichapwa fimbo ya mkwaju, nikakatazwa hata kuipangusa vumbi.

Mama ndiye aliyeifungua. Akayatoa mawe, akayatazama moja moja. Mawili mapya, baba kayanunua Hola. Mawili ya kuanikwa. Ni kama baba alikuwa amefunga punda mzima na kilema kwenye mkokoteni mmoja. Mama akaazima mapya mawili kwa jirani, redio ikanguruma mpaka kuku wakakimbia. Tukasikia maji yanakuja, tukahama salama. Baba hakusema pole. Alisikiliza habari zake, mgongo amenielekezea. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua lenyewe nilikuwa mimi. Baba amekufa, na hilo bado sijalimeza.

Sasa juzi, hapa Garsen, mjukuu wangu Bakari, mtu mzima mwenye ndevu, namsikia anamfokea dadaye Zainabu. "Umeniulia kompyuta! Mechi haifiki nusu, inaganda, inajizima!" Akaapa Zainabu hataigusa tena. Na Zainabu huandikia humo kazi ya chuo, inatakiwa Ijumaa, na mashine nyingine hana.

"Mchezo wako hata sijui unafunguliwaje, mvivu wewe," Zainabu akamjibu, machozi yanamlenga.

Nikaingia. "Bakari, dadako akiandika, inazimika?"

"La, bibi. Kwenye mchezo tu. Tangu wiki jana."

"Na wiki jana uliweka nini humo?"

Akakuna ndevu. Kisha, kwa sauti ya panya: "Nimeongeza memori, bibi. Ya mtumba, mchezo uende mbio."

"Itoe."

"Bibi, na wewe unajua nini mambo ya kompyuta?"

"Najua fimbo ya kusingiziwa. Itoe!"

Akafungua, akachomoa kibao chembamba kama chanuo. Mechi ikatambaa kama kobe, lakini ikafika mwisho. Nikamwambia akirudishe hicho, atoe cha zamani kilichokuwamo. Ikafika mwisho tena. Akaweka vyote viwili: ikaganda palepale. Kila kimoja kizima, kukaa pamoja hakuna.

Sisi tulikuwa na redio moja na mama mmoja mwenye akili. Nyinyi mna simu za kuuliza dunia nzima, na bado cha kwanza mnachokamata ni shingo ya msichana. Bakari akainuka aondoke kimyakimya, mgongo ule ule wa baba. Nikasimama mlangoni. "Kibao hicho cha mtumba kitoke. Zainabu atakaa hapa mpaka kazi yake iishe. Na wewe, hakuna kula nyumbani mwangu kabla hujamwambia pole, na uipandishe sauti, majirani wasikie."