Kitambaa cha Mwalimu

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta mjini Bunda, akaingia mwalimu mmoja wa Nyasura. Alibeba laptopu inayowaka, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama tunavyofunika redio sebuleni.

"Siizimagi," alimweleza fundi. "Naiachaga wazi mezani, tangu mwezi jana naifunika kwa sababu ya vumbi. Ila kuna taa ndogo juu ya kioo inawakaga yenyewe."

Fundi akakiondoa kitambaa taratibu. "Hiyo taa ni ya kamera, mwalimu. Programu ulitoa wapi?"

"Kwenye flashi ya mtu wa stendi. Alinipa bure, pamoja na filamu."

Fundi alipekua mpaka akakuta folda isiyo na jina, imejaa picha. Mwalimu akisali. Mwalimu amelala kwenye kochi. Mwalimu akimnywesha uji mama yake mgonjwa. Kisha zikafuata picha nyeupe tupu, zenye matundu ya maua.

"Hapo ndipo nilipoanza kuifunika," alisema polepole.

Picha ya mwisho ilikuwa ya dakika ileile: sisi watatu, tumeinama, tunatazama. Mimi mdomo wazi.

Fundi akazima intaneti ili picha zisitumwe tena kwa mtu, akabandika plasta kwenye kamera, akasema programu zote zifutwe.

Nilikuwaga nawacheka wanaobandika plasta. Siku hiyo niliomba kipande. Safu hii nimeiandika kamera ikiwa imezibwa, lakini nilichana nywele kwanza.