Mzinga Usio na Alama

Sokoni Kasikeu, watu wengi wanamjua Mbinya kwa picha za pasipoti. Chumba chake kiko nyuma ya duka la mbegu, nacho kina shuka jeupe ukutani, stuli moja, na kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiondoke na mteja. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Lakini siku ambazo si za soko, yeye hufunga mlango, hubeba kamera yake na kupanda vilima vya Kilungu kuwatafuta ndege.

Huko vilimani ana sheria moja, na amewaambia watu mara nyingi: "Mimi siongezi kitu." Hawatupii ndege chambo, wala haipi anga rangi ambayo haikuwa nayo. Ndege asipotokea, Mbinya hurudi na picha ya tawi tupu, na wenye vibanda humtania: "Leo umetuletea kuni?"

Mwaka huu kikundi cha wafugaji nyuki kilimwomba picha ya kuweka kwenye kalenda ya kikundi, na Mbinya alijua ataleta ipi. Alikuwa amemvizia ndege wa asali tangu mvua zilizopita. Ni ndege mdogo wa kijivu, ambaye huwaita watu na kuwaongoza hadi kwenye nyuki ili wakishavuna naye apate nta. Asubuhi moja alimpata juu ya mzinga wa gogo wa Mzee Nzioka, kipande cha nta mdomoni, jua likimwangaza ubavuni. Mbinya alishuka mlima akicheka peke yake.

Kwenye mzinga ule palikuwa na alama. Huku kwetu mzinga hautundikwi mtini kabla ya kuchomwa kwa chuma cha moto alama ya ukoo wa mwenyewe. Anayepita chini huinua macho, akajua ni wa nani, akaenda zake. Mbinya alikumbuka kwamba kalenda ya mwaka uliopita ilikuwa na alama ya ukoo mmoja, na wengine walinung'unika mpaka Krismasi. Kwa kutaka amani, aliihamishia picha kwenye simu na kuifuta humo alama ya Nzioka. Kidole kilipita mara moja, gogo likabaki laini. Aliihifadhi picha mpya mahali pa ile ya zamani, ambayo ikapotea, na kadi ya kamera akaifuta yote apate nafasi ya picha za harusi. Hakuona kama amevunja sheria yake, kwa kuwa hakuongeza kitu.

Kwenye mkutano simu ilipita mkono kwa mkono. Mwenyekiti, Mama Muthoki, alisema ni nzuri. Mbuvi, ambaye hajawahi kuficha neno, aliikazia macho.

"Nzuri kupita kiasi. Mzinga huu ni wa nani?"

"Wa Mzee Nzioka," Mbinya akajibu.

Nzioka alivaa miwani. "Wangu? Wangu una alama. Huu hauna baba."

Watu wakacheka.

"Mzinga bila alama, Ukambani!" Mbuvi akasema. "Hii ni AI. Sema tu ulikaa kitandani ukaiambia simu: niletee ndege."

"Nilikaa kwenye umande, Mbuvi."

"Hata huo umande siuoni."

Mbinya akawaeleza kwamba alama aliifuta yeye, na sababu yake ni ule ugomvi wao. Ni hiyo tu.

"Na ndege je?" Mbuvi akauliza. "Tutajuaje umeishia kwenye alama?"

Mbinya alitaka kusema kwamba haongezi kitu, lakini kupunguza alikuwa amepunguza. Wakaomba kuiona picha ya kwanza, naye akakiri kwamba haipo tena.

"Mwaitu," Mama Muthoki akamwambia kwa upole, akimwita mama kwa Kikamba, "picha ya mashine hata kijana wa uchapishaji pale Malili atatutengenezea tukiwa tumesimama. Tulikuja kwako kwa sababu asali yetu ni ya huku, na ndege awe wa huku. Tutachapisha wiki ijayo. Ukiwa na nyingine, lete."

Kilichomuuma Mbinya hakikuwa kalenda. Kama hawakuiamini picha hii, basi na zile nyingine zote alizowaonyesha, na matawi yake matupu pia, sasa zilikuwa za kutiliwa shaka.

Kesho yake alirudi mlimani. Nzioka alimfuata, akisema anataka kuona kama huyo ndege anamfahamu mwenye nyumba. Walikaa kwenye nyasi wakiutazama mzinga. Mbinya aliona mambo ambayo mara ya kwanza hakuyajali: ufa kwenye gogo, waya wenye kutu ulioushikilia, na ile alama nyeusi, iliyopinda kidogo upande mmoja. Ndege hakuja. Siku iliyofuata mawingu yalitanda, na mchana ndipo alipotua, akawageuzia mgongo nyuma ya jani. Mbinya alibonyeza mara moja. Ndege akaruka.

Kwenye mkutano uliofuata Mbuvi aliishika simu muda mrefu.

"Huyu ametuonyesha mgongo."

"Ndiyo."

"Na jani limemfunika mkia."

"Ndiyo. Liko kule mlimani mpaka leo, nenda ukalione."

Nzioka aliweka kidole kwenye kioo. "Alama yangu hii, na waya wangu ule! Niliutoa kwenye boma la mbuzi. Mama watoto bado anautafuta." Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mama Muthoki akasema hiyo ndiyo itakayochapishwa.

"Na ukoo wetu sisi?" Mbuvi akauliza, bila ukali.

"Mwambie ndege aje kwako," Mbinya akamjibu.

Kalenda sasa imetundikwa chumbani kwa Mbinya, karibu na shuka jeupe. Ni picha ya kawaida, giza kidogo, na wateja wengine huuliza kwa nini ndege hakugeuzwa. Juzi alikuwa akimnyoosha mteja shingo, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ni Mbuvi, amejaa vumbi, anahema.

"Ametua kwangu! Beba kamera, twende. Na alama yangu usiiguse."