Maziwa ya Jioni

Nimekuwa karani wa hesabu Embu, Mikinduri na Meru mjini, kila mahali nikikaa miaka miwili, mitatu, kisha miguu inaanza kuniwasha. Kianjai ndiko nilikodumu, kwenye chama cha ushirika cha maziwa, na hadi leo naikumbuka harufu ya leja ya pale: wino, karatasi kuukuu na maziwa yaliyomwagika mezani.

Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Hesabu za chama nilifundishwa na mzee niliyemrithi. Kila boma lilikuwa na nambari moja, ya baba. Lakini desturi ya huko ni kwamba maziwa ya asubuhi ni ya baba, na ya jioni ni ya mama. Kwa hiyo kilo za jioni tuliziandika kwa kalamu nyekundu, na mwisho wa mwezi mama alikuja dirishani kuchukua pesa zake. Sheria za chama hazikusema hivyo popote. Ilikuwa rangi ya wino tu.

Kisha chama kikanunua mizani ya kidijitali na kompyuta, na kutoka Embu akaja mhasibu mwenye digrii, mwanamke mchangamfu, kuhamisha vitabu. Nilimsomea nambari wiki mbili, yeye akiziingiza. Nilifurahi sana. Jumla zilizokuwa zikinitesa siku tatu zilitoka kabla chai haijapoa.

Mwezi ulipoisha, pesa zikaingia kwenye simu. Kesho yake asubuhi wanawake walijaa dirishani.

"Karani, maziwa yangu ya jioni yako wapi?" akauliza mama mmoja aliyetegemea pesa hizo kumpeleka binti yake kidato cha kwanza Jumatatu.

"Yamelipwa, mama. Yako kwa simu ya mzee wako."

"Basi mzee akamue jioni!"

"Ajaribu," jirani yake akadakia. "Ng'ombe atampiga teke, simu iangukie kwa ndoo!"

Walicheka, lakini yule mama hakucheka.

Kosa lilikuwa langu. Nilipokuwa nikisoma, nilisoma nambari na kilo; rangi sikuisoma. Nilikuwa nimeizoea mno hata sikukumbuka kwamba ilikuwa na maana. Nilimweleza mhasibu nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunikaripia.

"Mizani inaandika saa," alisema. "Jioni zote zimo. Tunachohitaji ni nambari ya pili kwa kila boma, na ruhusa ya kamati."

Kamati ilikutana Alhamisi. Mwenyekiti alikunja uso. "Boma moja, nambari moja. Mnataka kutenganisha nyumba za watu?"

"Mzee, maziwa yalishatenganishwa kitambo," mhasibu akajibu kwa upole. "Mimi nataka kompyuta ijue tu."

Nikafungua leja kwenye ukurasa wa mwenyekiti mwenyewe, nikaiweka mbele yake. Nyekundu ilikuwa nyingi kuliko nyeusi. Mjumbe mmoja akachungulia, akamaka kwa Kimeru.

"Baite! Kumbe unalishwa na mama!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti alijaribu kununa, akashindwa, akacheka nao. Wakakubaliana: kina mama wapewe nambari zao, na kilo za jioni za mwezi ule zilipwe na chama mara moja, halafu wazee wakatwe mwezi unaofuata.

Ijumaa mhasibu alikaa dirishani nami, akiwasajili mmoja mmoja. Yule mama alileta simu ndogo ya kubonyeza, laini mpya ndani yake. Ujumbe wa malipo ulipoingia aliusoma, akausoma tena, kisha akaondoka bila kuaga.

Jumamosi nilimkuta sokoni na binti yake. Walikuwa wamesimama mbele ya masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, binti akitaka la buluu, mama akibishana bei na muuzaji kwa sauti iliyosikika soko zima. Hakupunguziwa hata shilingi kumi. Alilipa, akamtwika binti sanduku la buluu, wakaenda kutafuta kufuli.