Siku Niliyoiacha Keki Nikavizia Radi ya Zambia

Mimi napiga video za sherehe hapa Tunduma, na mkasa huu ningependa wateja wangu wasiujue, lakini kwa kuwa ukumbi mzima kule Vwawa uliuona kwenye skrini kubwa, kuuficha ni kujisumbua bure.

Ilikuwa sendofu ya Neema, binti wa shangazi yangu, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Bibi yetu wa Hasamba miguu haimruhusu tena kusafiri, akaniagiza kitu kimoja tu: "Nataka nimwone Neema akimlisha mama yake keki. Hayo mengine ya kucheza muziki kaa nayo." Nikamwahidi.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu. Kuna radi nyekundu ambazo hazipigi ardhini, zinawaka juu kabisa ya mawingu ya mvua, zinatawanyika kama mizizi, na kabla hujapepesa jicho zimezimika. Setilaiti huziona zikiwa huko juu, lakini wanaozichunguza wanataka pia picha za kutoka chini, za mvua ileile kwa wakati uleule, na ukiwa ndani ya mvua huoni kitu, lazima inyeshe mbali nawe uwe gizani chini ya anga safi. Msimu mzima nilizivizia, sikupata hata moja.

Basi usiku ule Vwawa kukavu, nyota zimejaa, na mbali upande wa Zambia mawingu yanamulika kama mtu anachezea swichi. MC akaanza kutambulisha wageni (MC wetu mnamjua, akimtaja mjomba anataja na ng'ombe wake), nikajiambia dakika mbili hazimuui mtu, nikabeba kamera na stendi yake hadi mlango wa nyuma, nikaielekeza angani, nikasahau kwamba bado ina waya unaokwenda kwenye skrini.

Ukumbini watu wakabaki wanatazama giza. Nikamsikia MC: "Wageni waalikwa, msishangae, kamera yetu imevuka mpaka wa Nakonde bila kugonga pasi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikidhani ni utani wake wa kila siku. Vikapigwa vigelegele, nikadhani ni vya wakwe. Vilikuwa vya keki.

Nikashtukia nimeshikwa ukosi. Shangazi, krimu bado iko mdomoni.

"Baba, unapiga picha ya nini huku?"

"Radi, shangazi."

"Radi. Mwanangu ameshanilisha, wewe uko na radi."

Nikageuka kumwomba msamaha, na hapohapo ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, maana skrini ilikuwa imewaka wekundu. Waliiona wote, hadi watoto waliokuwa chini ya meza wakigombea soda. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, naangalia viatu vya shangazi. (Kamera iliinasa, na wachunguzi walishukuru sana, wakasema setilaiti nayo iliiona. Sauti ya shangazi niliiondoa kabla ya kuwatumia.)

Kesho yake shangazi akaamuru wote tuvae tena nguo za sherehe, twende Hasamba na keki iliyobaki. Neema akamlisha mama yake uani, mbele ya Bibi, kisha akamlisha na Bibi mwenyewe, na mimi safari hii nikarekodi mpaka makombo. Bibi akatafuna taratibu, akaitazama kamera, akanitazama mimi.

"Kumbe ningeletewa keki tu tangu mwanzo," akasema.

Tangu siku hiyo, sherehe za msimu wa mvua napiga video milango ikiwa imefungwa, watu walalamikie joto wapendavyo.