Miti Niliyoinywesha Maji ya Karanga

Miaka ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, Nachingwea ilipojaa matrekta na vumbi jekundu, nilikuwa mtunza bustani wa nyumba ya wageni. Barazani palikuwa na miti sita ya mapambo iliyopandwa kwenye madebe. Kila jioni niliinywesha maji ambayo mpishi wetu, Mzee Saidi, alichemshia karanga. Niliona dhambi kumwaga kitu kinachonukia vile. Hadi leo nikisikia harufu ya karanga zikichemka, naikumbuka baraza ile.

Kingo za majani zikaanza kukauka, zikawa za kahawia. Nikasema ni jua, nikayahamishia madebe kivulini. Majani yakazidi kuungua. Nikasema basi ni njaa, nikaongeza maji ya karanga. Wenzangu wakaniita daktari wa miti, nami sikukataa.

Msimamizi akamwita bwana shamba kutoka Ruangwa, akaniambia miti ikifa nifungashe virago. Mgeni alipofika nilimweleza kwa kirefu habari za jua, upepo na mchwa. Alinisikiliza kwa adabu, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akaulamba.

"Ndugu yangu, hii miti unaimwagia nini?"

"Maji tu, bwana shamba."

Akafukua kidogo, akatoa karanga moja iliyovimba, akaimenya, akaitia mdomoni. Akatafuna taratibu, huku msimamizi akinitazama mimi.

"Karanga imeiva vizuri," akasema. "Chumvi ndiyo iliyoishinda miti."